Bi Mwalimu Anajibu: Risiti, pweza na ile herufi ya bure

SWALI

Assalaam alaykum Bi Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 23, nafanya kazi mapokezi katika nyumba ndogo ya wageni huku Paje. Kiingereza nimesoma skuli na kuandika naweza, mdomo ndio unaoniangusha. Juzi kulikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza anaondoka. Alipokwisha kulipa nikamuuliza kama anataka "receipt", nikaitamka vile ilivyoandikwa: risipiti. Bibi akafurahi, macho yakamng'ara, akatoa kijidaftari na kalamu, akavuta kiti akakaa ananisubiri. Nikampa karatasi yake ya malipo. Akaigeuza mbele na nyuma, kisha akaniuliza, na pweza je? Nikadhani jua limemwingia kichwani. Kumbe alielewa nataka kumpa maelezo ya kupika pweza wa nazi aliyemla usiku wake. Mpishi wetu alicheka mpaka akakaa chini, na tokea siku ile wenzangu wananiita Risipiti. Naomba unifundishe neno hili hutamkwaje. Na hiyo p imewekwa ya nini kama haisomwi?

Mapokezi, Paje

JIBU

Waalaykum salaam, na marahaba mwanangu. Nimecheka, sikufichi. Ila kicheko changu hakikuwa juu yako, na sababu utaiona mbele.

Hebu tuanze na ajabu yenyewe. Mtu wa hapohapo Paje akija kumlipia mgeni wake chumba, unamwambiaje? "Chukua risiti yako." Unalitamka neno hili siku nzima, tena vizuri. Akitokea Mzungu unaliacha, unakwenda kutafuta jingine refu zaidi. "Receipt" ya Kiingereza ni risiti iliyokatwa mkia. Silabi ni mbili tu: ri, halafu SIIT, na uzito wote unakaa kwenye hiyo ya pili. P usiiguse kabisa.

Kazi iko kwenye kukata mkia. Mdomo wa Mswahili haupendi kulala na konsonanti mlangoni. Ukikuta neno limeishia hivyo, hulitafutia irabu ya kulifunika. Shati, benki na blanketi yote yalikuja kwetu bila i ile ya mwisho, tukayavisha. Kwa hiyo unapojitahidi kusema "receipt" kwa Kiingereza, i inajitokeza yenyewe hata kama hukuiita.

Fanya hivi. Sema "bidii". Sikiliza mwisho wake unavyovutika: bi-DI-i. Sasa badilisha mbele tu, useme "risii" kwa mvuto uleule. Rudia mpaka wenzako wakuulize una nini. Kisha, mvuto unapokaribia kwisha, peleka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu kama mtu anayetaka kusema "ti", halafu usiseme. Ulimi ubaki palepale na pumzi ikatike. Risiit.

Na kama salamu yako haikunidanganya, wewe umepita chuo cha Kurani, basi nina njia ya mkato. Ulipokuwa ukisomeshwa Alhamdu, mwalimu wako alikufundisha kuvuta na kusimama. Ukifika "nasta'iin", ile nuni, yaani n ya Kiarabu, ina irabu yake msahafuni, lakini ukisimama huisomi: unavuta ii, unafunga kwa nuni, unanyamaza. Ulimi wako umeifanya kazi hiyo tangu una miaka sita, saba. Weka t mahali pa nuni na "receipt" umeipata. Sisi walimu wa Kiingereza wa pwani tumepita juu ya hazina hii miaka yote, tukaenda kununua kaseti.

Sasa habari ya pweza. Kuna neno jingine, "recipe", ndiyo hayo maelezo ya mapishi. Hilo lina silabi tatu na uzito uko kichwani: RE-si-pi. Wewe ulipotia p, ukaisindikiza na i kushoto na kulia, ulimpelekea yule bibi risipi kamili na mkia wa ti ambao sikio lake liliutupa. Usimlaumu. Sisi wenyewe neno moja likihamishwa uzito linatuponyoka. Barabára ni ile unayopitia, ukiinua sauti nyuma kidogo, barábara, umesema sawasawa. Kwetu maneno ya namna hiyo yanahesabika, kwa sababu uzito wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho na haubanduki. Kwa Kiingereza uzito unahamahama kama mvuvi, na kila neno unajifunza nalo pahali lilipotia nanga.

Tena hayo mawili ni ndugu wa damu. Yote yanatoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupokea, kuchukua. "Recipe" kwa Kilatini ni amri: "Chukua!" Madaktari waliiandika juu ya cheti cha dawa, chukua hiki, changanya na kile, na alama yake ya R yenye mguu uliokatwa mkasi bado utaiona kwenye vyeti vya dawa. Na Waingereza wenyewe kwa muda mrefu walitumia "receipt" kwa maana zote mbili, ya malipo na ya mapishi. Bibi yako angekuwa wa karne ya 18, angekuwa na haki yake yote ya kumdai pweza.

Umeuliza p ni ya nini. Ni ya maonyesho. Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa waliotawala kwao, na Kifaransa kile hakikuwa na p. Waliandika "receite", wakatamka hivyohivyo. Wasomi wao wakaanza kuona aibu kwamba maneno yao hayafanani na Kilatini, lugha ya wenye elimu. Kati ya karne ya 14 na ya 16 wakaanza kuyavisha maneno herufi za babu zao wa Kilatini. "Receite" ikapewa p. "Dette", yaani deni, ikapewa b ikawa "debt". "Doute", shaka, nayo ikapewa b ikawa "doubt". Neno la kisiwa, ambalo halikutoka Kilatini kabisa, likabandikwa s likawa "island", kwa kudhaniwa ni jamaa wa "isle". Wakulima na wachuuzi hawakuambiwa, au waliambiwa wakapuuza, wakaendelea kusema kama mama zao walivyosema. Na kazi yenyewe haikufanywa kwa utaratibu: "deceit" na "conceit" ni wa ukoo uleule wa "receipt", wao wakaachwa bila p. Ukitafuta mantiki hapo utaugua.

Shakespeare aliwaona watu hawa. Katika mchezo wake mmoja wa kuchekesha, uliochapwa 1598, amemweka mwalimu wa shule anayelalamika kwamba watu wanalitamka "debt" bila b. Watazamaji walikuwa wakimcheka huyo mwalimu.

Huyo mwalimu ni mimi.

Nilianza kufundisha Kiingereza Tanga mwaka 1981, na miaka yote ya mwanzo niliwafundisha watoto wa watu kutamka "risipt" na "debt" yenye b inayosikika mpaka uwanja wa mpira. Nilikuwa mkali. Mtoto akiacha b nilimwambia anakula herufi. Mwaka 1987 shule ikanituma mjini kununua chaki na madaftari, nikaenda duka moja la vifaa upande wa Ngamiani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyesoma zamani. Nikajikusanya, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ualimu: tafadhali, nipatie "risipt". Mzee akaniuliza, "Risiit?" Nikaudhika. Nimemsemesha Kiingereza, yeye ananijibu Kiswahili, tena amekikata mwisho, kana kwamba amenidharau! Nikarudia kwa sauti: "Risipt!" Naye kwa upole, huku anaandika: "Risiit, yes, teacher." Nilipofika nyumbani nikafungua kamusi ya Kiingereza yenye alama za matamshi. Nilikuwa nayo kabatini miaka sita, naitafutia maana za maneno. Zile alama ndogo za pembeni sikuwahi kuziangalia, kwa sababu mwalimu hawezi kukosea neno la dukani. Nilikaa kitandani na ile kamusi mapajani mpaka taa ikaisha mafuta.

Nimetaja kabati. Liandike kwa Kiingereza uone: "cupboard". Limeundwa na kikombe na ubao, na kikombe kina p yake pale katikati. Waingereza hawaitamki, husema KA-bad. Babu zetu waliolichukua neno hili wengi wao hawakujua kusoma Kiingereza. Walisikia tu, wakasema kabati, wakawa sahihi kuliko mimi na cheti changu. Hiyo ndiyo fimbo ninayotembea nayo tangu siku ile, mwanangu. Neno la Kiingereza likikusumbua, angalia kwanza kama wazee walishalileta nyumbani kwa sikio.

Picha: Kiingereza kinaandika "picture", na waliosoma kwa macho husema "pikchuwa" au "piktua". Wazee walisikia cha, wakaandika cha. Fanicha hivyohivyo. Jela: Waingereza wa zamani waliiandika "gaol", wakaitamka jeil, angeisoma mtu wa macho leo tungekuwa tunafunga watu "gaoli". Na Kanali! Neno hilo linaandikwa "colonel", na watu wazima wenye shahada nimewasikia wakisema "kolonel" kama Wafaransa. Waingereza husema KAA-nal, Wamarekani huweka r ndani yake, na ile l ya katikati haitamkwi na yeyote kati yao. Lilitoka Italia na l, Wafaransa wakaligeuza kuwa na r, Waingereza wakalichukua lenye r mdomoni, baadaye wakarudisha l kwenye karatasi peke yake. Askari wetu hawakuyajua hayo. Walimsikia bwana mkubwa anavyoitwa, wakamwita Kanali.

Hata ile irabu hafifu ya Kiingereza, inayomezwa mwishoni mwa maneno na kuwatesa wanafunzi, wazee waliishika mapema wakaiita a. Meneja, dereva, lita, mita. Ukisema "manager" kwa Kiingereza, mwisho wake ufanye ule wa meneja, ulegeze kidogo, hutakosea.

Fimbo hii ina mahali inapovunjika, nisikufiche. Wazee walileta sauti, uzito wakauweka panapotaka Kiswahili. Neno la Kiingereza lenye uzito mwishoni linaingia bila kuumia, kwa sababu ile irabu tuliyoliongezea inausogeza mwisho mbele na uzito unabaki ulipokuwa: ho-TE-li, po-LI-si, ri-SI-ti. Kata mkia, umepata Kiingereza. Lenye uzito mwanzoni ndilo linaloharibika. Sisi husema bai-SKE-li, wao BAI-si-kol. Sisi ho-spi-TA-li, wao HOS-pi-tol. Sisi bla-NKE-ti, wao BLANG-kit, na hilo utaliombwa sana msimu wa kipupwe, basi lijifunze.

Kwa kuwa uko mapokezi, yako mengine yatakayokujia. Mgeni akitaka pasi atasema "iron"; inatamkwa AI-an, usimtafutie r mbele ya o. "Vegetables" ni VEJ-ta-bolz, silabi tatu, hiyo e ya katikati waachie wapishi. "Comfortable" wengi wao huisema KAMF-ta-bol. Samaki wa "salmon" hana l: SA-man. Na chumba kikubwa chenye sebule yake, "suite", hutamkwa swiit, sawa kabisa na neno lao la utamu. Hapo tena ni ule mvuto wa nasta'iin, kwa hiyo kwako ni mchezo.

Jina la Risipiti wenzako watalichoka. Mpishi mwambie akuandikie kweli hayo maelezo ya pweza, uyaweke droo ya mapokezi. Mgeni mwingine ataulizia.

SWALI

Bi Mwalimu, nasoma safu yako kila toleo lakini nina malalamiko. Kwa nini tujitese kuiga midomo ya Wazungu? Wao wakizungumza Kiswahili wanakivunja, na sisi tunawapigia makofi. Mtu mweusi akikosea herufi moja anaambiwa hajasoma.

Msomaji wa Kisumu

JIBU

Malalamiko yako ni ya haki, na hilo la kupigia makofi linaniudhi na mimi. Lakini kuna mambo mawili umeyafunga kitita kimoja. Lafudhi yako ni yako. R yako ukiivingirisha kwenye "receipt" hakuna atakayekosa kukuelewa, hata Waskoti wako wanaoivingirisha. Mimi nina lafudhi ya Tanga na nitazikwa nayo. Jambo la pili ni neno kufika. Yule binti wa Paje hakuchekwa kwa lafudhi, alidaiwa pweza. Na Mzungu naye hasameheki hapo: nimemshuhudia mmoja mwenye kikohozi akimweleza mganga wa zahanati kwamba anakojoa usiku kucha. Alikusudia kukohoa. Hatukumpigia makofi, alipewa kichupa akalete mkojo.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha kwanza, Morogoro. "Wednesday" ina silabi ngapi? Mimi nasema tatu, dada yangu anasema mbili. Tumewekeana soda.

JIBU

Marahaba. Mnunulie dada soda. Ni WENZ-dei. Ile d ya kwanza ni kaburi la mungu wao wa kale aliyeitwa Woden. Siku ilikuwa yake, Waingereza wakamwacha kwenye maandishi wakamtoa mdomoni.

SAHIHISHO

Hili halikuletwa na msomaji. Wote mliosoma Kiingereza kwangu Tanga kati ya 1981 na 1987, na najua wapo mnaosoma gazeti hili kwa sababu mmoja wenu yuko benki, idara ya mikopo, na mwaka jana alinipigia simu akanisomea barua nzima ya Kiingereza yenye "debt" mara nne, kila mara na b yake kama nilivyomfundisha. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Basi nakwambieni hapa: "debt" ni DET. "Doubt" ni DAUT. "Receipt" mmeshaisoma juu. Zile alama nilizowakata kwenye mitihani ya kusoma kwa sauti siwezi kuzirudisha, daftari za maksi zililiwa na mchwa.